Kijani cha Siku ya Pili: Rangi za Ukuta Kwetu Usinge



Wiki tatu nimekuwa kimya, test zilinibana kisawasawa. Leo nimerudi na historia, ila msikimbie. Si Mkutano wa Berlin wala zile tarehe tulizokariri fomu two. Leo naongelea rangi ya ukuta. Ile ya sebuleni kabisa, inayopakwa kwa rola. Jana pale kimbweta nilipowatajia washkaji walicheka mpaka mmoja akamwaga chai, eti hiyo si historia, hayo ni mambo ya mafundi. Haya, someni kwanza halafu mje tubishane.

Kwa wasiopajua, Usinge iko wilaya ya Kaliua, mkoa wa Tabora, kwenye reli ya kati. Ukitoka Tabora na treni ya Kigoma unapita Urambo, unapita Kaliua, halafu ndio sisi, kabla hujafika Nguruka na Malagarasi. Likizo iliyopita nilikuta Mama amemaliza nyumba mpya: tofali za kuchoma, bati, lipu ndani na nje. Ilibaki rangi tu, na Mama alikuwa ameshachagua. Alitaka sebule yote iwe kijani chepesi kinachoelekea manjano, ile rangi tulivu ambayo ukiiangalia haraka unadhani ni nyeupe iliyoona aibu. Wakati huo huo Baba mdogo alikuwa na lake: nyumba ya zamani ya udongo, ya Bibi, ibomolewe, kiwanja kijengwe fremu mbili za biashara kwa sababu kinatazama barabara ya stesheni. Kwa hiyo ndani ya wiki moja tulikuwa na ukuta unaozaliwa na ukuta unaosubiri kufa, hatua kama ishirini kati yao. Mwanafunzi wa historia utalala vipi hapo?

Tuanze na jina la rangi yenyewe, maana hata hilo lilikuwa kazi. Kiswahili chetu kina rangi tatu tu zinazovaa sare ya ngeli: ukuta mweupe, ukuta mweusi, ukuta mwekundu. Nyingine nyingi tumeziazima kwenye vitu. Kijani ni jani dogo. Manjano ni ile bizari. Kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Watu wa pwani wana neno chanikiwiti, nalo ukilifungua unakuta jani bichi limejificha ndani. Sasa rangi iliyo katikati ya jani na bizari uiiteje? Fundi aliiita lemoni. Mama alisema ni ndizi inayoanza kuiva. Dada yangu alisema ni rangi ya hospitali akaambiwa anyamaze. Bibi naye alikuwa na jina lake, nitalifikia, maana hilo jina ndilo lililonifanya niandike yote haya.

Zile tatu za mwanzo, nyeupe, nyeusi na nyekundu, ndizo hizo hizo zilizokuwa kwenye kuta za Wanyamwezi zamani. Sibahatishi. Richard Burton alifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857 akiwa na Speke, wakaendelea magharibi kupitia Msene na kuvuka Malagarasi, wakafika Ujiji Februari 1858. Ni njia ile ya misafara iliyokata nchi yetu kutoka Bagamoyo. Kitabu chake kilitoka 1860. Burton alikuwa na mdomo mchafu sana kuhusu watu weusi, ukimsoma unakunja ndita kila ukurasa, lakini jicho lake halikulala. Anaeleza kuta za nyumba za Unyamwezi zilizopambwa kwa mistari ya alama za mviringo, zilizobonyezwa kwa ncha za vidole. Vidole vinachovywa kwenye majivu na maji kupata weupe, kwenye udongo mwekundu au tope jeusi kupata rangi nyingine. Mara nyingine, anasema, walichora watu na nyoka. Hata msalaba aliuona, ila akaongeza kwamba kwa wenyewe haukuwa alama ya dini yoyote.

Nyoka wale hawakuishia kwa Burton. Karibu miaka 100 baadaye Hans Cory, mtu wa Austria aliyekuwa akifanya utafiti wa mila kwa serikali ya Tanganyika, alichapa kitabu kizima mwaka 1953 kuhusu michoro ya ukutani ya vyama vya wacheza nyoka, upande wa ndugu zetu Wasukuma. Kwa hiyo anayekwambia Mwafrika wa bara hakuwa na habari ya kupamba nyumba, mwambie akatafute hicho kitabu.

Lakini angalieni: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Kijani hakuna. Kwa nini, na sisi tumezungukwa na miombo inayochipua kila mwaka? Jibu ni rahisi ukiuliza udongo. Wekundu na unjano wa udongo ni chuma kilichopata kutu, hakifi kwa jua. Majivu hayafi. Makaa hayafi. Ila ukiponda majani ukayapaka ukutani, wiki haijaisha yamekuwa kahawia, kwa sababu ule ukijani ni kitu kinachoishi na jani likifa nacho kinakufa. Kijani cha kukaa ukutani kinahitaji madini au kiwanda. Na Ulaya walipokipata walikipata kwa balaa: mwaka 1775 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alitengeneza kijani kizuri cha shaba na aseniki. Aseniki, wandugu, ile sumu yenyewe! Kikawekwa kwenye karatasi za ukutani. Yaani wakati Burton anaandika kuhusu majivu yetu, huko kwao kulikuwa na watu wamelala vyumba vya kijani wanavuta sumu taratibu. Sijui nani alikuwa mshamba hapo.

Msidhani pia kwamba watu wa njia ile hawakujali rangi kwa sababu kuta zao zilikuwa na tatu tu. Walijali mpaka wafanyabiashara wakalia. Pesa ya msafara ilikuwa vitambaa, waya na ushanga, na ushanga ulikuwa na rangi zake kila nchi. Stanley, aliyefika Tabora Juni 1871 akimtafuta Livingstone, ameandika jinsi alivyoumia kichwa kununua ushanga Zanzibar. Wanyamwezi walipenda mwekundu kuliko wote. Mweusi ulikuwa pesa kwa Wagogo, ukitoka Ugogo nao ni takataka. Mweupe huku unapendwa, kule unadharauliwa. Ukikosea rangi, umebeba mzigo wa mawe miezi mitatu na wapagazi unawalipa. Kwa hiyo Mama alipokataa kopo la kwanza kwa sababu lilikuwa limezidi ukijani, akamrudisha fundi na baiskeli mpaka dukani, mimi nikasema moyoni, huyu ni mjukuu halali wa watu waliomkatalia Stanley ushanga.

Na Waarabu waliokaa Tabora nao waliishi kwenye udongo. Hili watu wengi hawalijui, wanadhani palikuwa na majumba meupe kama ya Unguja. Pwani chokaa ilitoka baharini: unachoma matumbawe kwenye tanuri la kuni mpaka yanakuwa unga. Tabora matumbawe utayatoa wapi? Wakajenga tembe, zile nyumba za paa bapa la udongo, kubwa, zenye baraza pana na milango ya kuchonga. Nendeni Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye makumbusho ya Livingstone. Tembe iliyopo ilijengwa upya mwaka 1957 pale ilipokuwa ile waliyokaa Livingstone na Stanley tangu Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, Mzee Livingstone akabaki mpaka Agosti 25. Milango ya kuchonga ni ya kitajiri, ukuta ni rangi ya ardhi uliyoikanyaga ukiwa unakuja. Utajiri ulikaa mlangoni.

Weupe wa chokaa ukawa baadaye rangi ya wenye amri. Boma, stesheni, misheni, shule, zahanati, mpaka mawe ya pembeni ya njia ya kwenda kwa mkuu. Reli iliyoanza Dar mwaka 1905 ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kila ilipopita iliacha majengo ambayo kutoka mbali unajua hapa anakaa serikali. Bibi mpaka leo akiona nyumba nyeupe tupu anauliza, "Hapo ni ofisi ya nani?"

Sasa twende kwenye ukuta wa Bibi, maana huo ndio desa langu la kweli.

Nyumba ya zamani ilijengwa mwaka 1975. Familia ilihamishwa kutoka kwenye mashamba yao porini wakati wa Operesheni Vijiji, nyumba zikapangwa kwa mstari, na Bibi alikuwa bi harusi wa juzi juzi tu. Karibu na mlango wa nyuma, pale mvua za mwaka jana zilipobomoa kona, ukuta umekatika kama mkate. Ukiinama unaona matabaka. Nilikaa hapo siku mbili na Bibi, yeye kwenye kigoda, mimi na kisu kidogo na daftari. Nilikuwa nakwangua, yeye anasema.

Tabaka la ndani kabisa ni udongo wa kichuguu. Bibi anasema huo ndio unaoshika, wa kawaida unapasuka. Juu yake kuna wekundu, na chini, kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti, kuna mkanda mweusi. Kwenye wekundu kuna vidole: vitatu vitatu vya majivu, mstari mmoja juu ya mkanda na mwingine kuzunguka mlango. Nilipoviona nilinyamaza kwa muda. Nilikuwa nimesoma kwa Burton, kwenye maktaba ya hapa, kwamba wanabonyeza vidole kwenye majivu, halafu nimezaliwa kwenye nyumba yenye vidole hivyo na sijawahi kujua, vilikuwa vimefunikwa. Bibi alifundishwa na mama mkwe wake. Kusiriba ilikuwa kazi ya wanawake, kila mwaka baada ya mavuno, na kila mke alikuwa na hesabu yake ya vidole. Jirani yetu mmoja aliweka viwili na kimoja. Ukipita njiani unajua nani amemaliza kusiriba kabla ya nani, na nani ni mvivu.

Huo wekundu na vidole unajirudia, tabaka jembamba juu ya jembamba, kama kurasa. Halafu ghafla inakuja bluu! Bluu ya mbali, kama anga la asubuhi. "Hapo ni mwaka vijana walipokwenda Kagera," Bibi akasema. Yaani 1978 na 1979. Babu alipata malipo mazuri ya tumbaku, akanunua chokaa, na Bibi akaichanganya na bluu ya kufulia, ile ya kuweka kwenye mashuka meupe. Wangapi mna bibi waliofanya hivyo? Najua mko wengi. Mkanda wa chini nao umekuwa mweusi mweusi hasa, si wa tope tena. Makaa ya betri za redio! Unapasua betri iliyokufa, unasaga ule weusi wa ndani, unakoroga na maji. Mbao za shule nyingi zilipakwa hivyo hivyo.

Baada ya bluu nilitegemea nione rangi za kisasa zaidi. Wapi! Juu ya bluu unarudi udongo mwekundu na majivu. Nilidhani nimechanganya matabaka, nikamuuliza. Bibi akanitazama kama mtoto. "Sabuni yenyewe ilikuwa haipo, bluu ungeipata wapi?" Hapo ndio nikaelewa. Ni ile miaka ya mwanzo ya 80, vita imekula hazina, maduka yametupu, watu wanapanga foleni ya sukari na nguo. Tunaisoma kwenye kozi ya uchumi kwa grafu. Hapa iko ukutani, unene wa nusu sentimita: uchumi ulianguka na ukuta wa Usinge ukarudi kwenye majivu. Juu ya hapo chokaa inarudi, nayo ni enzi za Mzee Ruksa, bidhaa zimeanza kuingia tena, na mkanda wa chini unabadilika kuwa rangi ya mafuta ya kahawia. Tabaka la mwisho ni lipu ya saruji, mabaka mabaka, ya Baba mdogo mwenyewe.

Mkanda wa chini ndio ulionifurahisha zaidi. Tope jeusi, betri, rangi ya mafuta: vitu vinabadilika, mkanda uko pale pale. Kwa sababu tatizo ni lile lile. Masika maji ya paa yanarusha tope ukutani, kiangazi vumbi letu jekundu linapanda mpaka usawa wa goti, na watoto wana mikono. Nenda nyumba yoyote mpya ya Sinza au Kimara, utakuta chini rangi ya mafuta iliyokoza, juu rangi ya maji nyepesi, na mwenye nyumba anadhani kaiga Ulaya. Kaiga mama mkwe wa Bibi yangu.

Sasa lile jina la Bibi. Fundi alipopaka mkono wa kwanza sebuleni, Bibi aliingia na fimbo yake, akasimama katikati, akazungusha macho. Mama akauliza, "Mama, unaionaje?" Bibi akajibu: "Hili si jani la siku ya pili?"

Wasiotoka mikoa ya tumbaku hapa mmeachwa stesheni, ngojeni niwapandishe. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Nachingwea na Urambo kwetu. Ulikufa mapema, mwanzoni mwa miaka ya 50, na aibu yake yote. Lakini Urambo yalibaki mashamba yaliyofyekwa, na shirika lililorithi likaweka wakulima wapangaji walime tumbaku. Tumbaku ikashika na kusambaa mpaka kwetu. Ni tumbaku ya mvuke: majani hayapigwi na moshi, yanakaushwa kwa joto linalopita kwenye mabomba ndani ya bani. Unachuma, unafunga kwenye fito, unaning'iniza, unafunga mlango, unawasha kuni nje.

Siku mbili tatu za mwanzo moto unakuwa mdogo, nyuzi joto 35 au zaidi kidogo, na unyevu mwingi. Hapo jani bado linapumua. Ukijani unakufa taratibu na unjano uliokuwa umejificha chini yake siku zote unatokea. Siku ya pili jani si kijani tena na si njano bado. Lina rangi ile ile ya sebule ya Mama, nimelinganisha kwa macho yangu. Na ndio saa ya kukosa usingizi. Ukiongeza moto mapema ukijani unaganda ndani ya jani, hautoki tena, daraja linashuka na bei inashuka nalo. Ukichelewa jani linazidi, linakuwa kahawia. Mwaka mzima wa kazi, mkopo wa mbolea, ada za shule, vyote vinaning'inia gizani vikiwa na rangi hiyo, na mtu mmoja amekaa nje na kuni anaingia kila baada ya muda na tochi kuangalia. Kwetu mtu huyo alikuwa Bibi, Babu akilala zamu. Karibu miaka thelathini.

Kwa hiyo rangi ambayo magazeti ya urembo wa nyumba yanasema inatuliza akili, kwa Bibi ni rangi ya wasiwasi. Hakukataa, ni nyumba ya Mama. Alisema tu kwamba yeye sebule hiyo hataweza kulala. Mama naye akajibu kitu ambacho mpaka leo nakitafakari: kwamba yeye ameichagua kwa sababu hiyo hiyo. Alipokuwa mdogo siku ya pili ndiyo siku Bibi alikuwa halali nyumbani, na yeye alikuwa akichungulia bani anaona majani yamekuwa mazuri kuliko kitu chochote pale kijijini. Rangi moja, watu wawili, bani moja.

Kidogo kuhusu usalama, maana najua mtaenda kununua. Unjano mkali wa rangi za mafuta kwa muda mrefu ulitokana na madini ya risasi na kromu, kromu iliyogunduliwa na Mfaransa Vauquelin mwaka 1797. Ukichanganya unjano huo na bluu unapata kijani. Kwa hiyo njano na kijani ndizo za kuangalia sana. Vipimo vilivyofanyika Tanzania miaka ya 2000 na 2010 vilikuta baadhi ya rangi za mafuta zina risasi kupita sana sehemu 90 kwa milioni, kiwango ambacho Umoja wa Mataifa unahimiza kisivukwe. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Dada yangu ana mtoto wa mwaka mmoja anayelamba kila kinachosimama wima. Tukaamua: kuta zote rangi ya maji, mkanda wa chini rangi ya mafuta iliyoandikwa kwenye kopo kwamba haina risasi, na rangi yoyote kuukuu isikwanguliwe ikiwa kavu mtoto akiwa karibu. Na kuna kichekesho cha kihistoria hapa: ile reli inayochepuka Kaliua kwenda Mpanda, iliyofunguliwa 1950, ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda. Mabehewa ya risasi yalipita jirani kabisa na kwetu.

Taa nayo ina neno. Mchana, jua likiingia, sebule ile ni tamu, inapoza macho baada ya vumbi jekundu la nje. Usiku chini ya taa nyeupe ya sola wote tunaonekana kama tumetoka kuugua homa ya manjano. Mama kabadilisha taa, kaweka yenye mwanga wa njano kidogo, ikakaa sawa.

Na vita vya Simba na Yanga havikukosekana. Mjomba ni Simba wa kulia machozi. Alipoona kijani na manjano ukutani, akasema hatakunywa chai ndani ya tawi la Yanga. Jirani akaongeza kuwa wageni watadhani ni ofisi ya kata ya chama, wataanza kuja na kadi zao. Mama akawajibu kwamba chama kina kijani kilichokoza na Yanga ndio hivyo hivyo, yeye yake ni ya kwake. Mjomba chai alikunywa. Vikombe viwili.

Lililobaki ni zito kidogo. Fundi rangi alikuwa kijana mzuri, kazi yake safi, msasa, mkono wa kwanza, mkono wa pili, kwa siku tatu kamaliza. Alilipwa, akapanda pikipiki akaondoka. Katika siku zote hizo hakuna mwanamke wa nyumba yetu aliyegusa ukuta. Mama alichagua rangi na alilipa, hilo ni kubwa na silidharau. Bibi asingeweza kuchagua kijani, dunia yake haikuwa nacho. Lakini Bibi alikuwa na mkono wake ukutani, kwa maana ya mkono kabisa, na ulisomeka njiani. Rola haina vidole. Nilimuuliza kama angeonyesha vile vitatu vitatu kwenye jiko la nje, akasema mgongo hauinami tena, halafu akamwita binti wa dada yangu mkubwa, ana miaka tisa, akamwambia achukue majivu. Mtoto akaweka vinne. Akaambiwa hapana, vinne ni vya ukoo mwingine, afute.

Baba mdogo si mtu mbaya, msimchukie. Fremu mbili kwenye barabara ya stesheni ni kodi ya kila mwezi, na sehemu ya hiyo kodi ndiyo itakayonilipia mwaka wa mwisho hapa. Nyumba ya udongo inavuja na kona imeshaanguka. Nilimwomba aiache hata ile kona ya mlango wa nyuma. Akaniuliza nani atalinda kona ya udongo isilowe, mimi niko Dar. Sikuwa na jibu na bado sina. Malipo ya tumbaku ya msimu huu yakitoka, inashuka.

Nimepiga picha, nimechora matabaka yote kwenye daftari kwa vipimo, na Bibi amekubali nirekodi sauti yake. Sasa nawaomba nyie. Mkienda likizo, hasa wa Tabora, Shinyanga, Kigoma na Katavi, ingieni nyumba za zamani kabla hazijabomolewa, tafuteni pale lipu ilipopasuka, ulizeni nani alisiriba na kwa vidole vingapi. Andikeni mwaka kama anaukumbuka, na kama haukumbuki andikeni alikumbuka kwa kitu gani: vita, njaa, harusi, mvua. Kisha nitumieni, nitaziweka pamoja na za Usinge. Aliyeona bluu ya kufulia anitajie pia ni mwaka gani ilitoweka kwao, nataka kulinganisha.

Naingia semina ya saa nane.